Sakafu ya Chumba cha Mama

Katika familia yetu hakuna jambo dogo. Mlango ukitoka bawaba, tunaitana kikao. Kwa hiyo mdogo wangu anayeishi Dar es Salaam alipotangaza kwenye kundi letu la simu kwamba nyumba ya Kivinje lazima ipate sakafu mpya kabla wakwe zake watarajiwa hawajaja kuleta posa ya binti yake, nilijua cherehani yangu ingelala kwa muda.

Nyumba ni ya baba, Mungu amrehemu, na tunaoishi ndani ni wawili, mama na mimi. Mimi ndiye mkubwa. Niliolewa, nikafiwa, nikarudi, na sasa nashona nguo barazani. Wadogo zangu ni wawili, wanaume. Huyo wa Dar yuko ofisini. Kazi yake siijui sawasawa, najua tu kwamba ina kiyoyozi. Mwingine anapasua mbao na kuziuza huko bara ya Kilwa, na akija nyumbani ananukia maranda. Wote wawili wanaipenda sana nyumba hii, hasa wakiwa mbali nayo.

Sebule na ukumbi vilikuwa na sakafu ya chokaa ya zamani, yenye mashimo ambayo wenyeji tunayaruka bila kutazama na wageni wanayakuta kwa vidole vya miguu. Chumba cha mama kilikuwa cha udongo mtupu. Alikuwa akiusiriba mwenyewe mpaka mgongo ulipomkatalia, kisha nikawa nausiriba mimi, naye amekaa kitandani ananionyesha mahali nilipopitisha mkono vibaya.

Mama alisema neno lake siku ya kwanza kabisa, na napenda lieleweke mapema, maana kuna watu walifanya kama hawakulisikia. Alisema, "Huko kwingine wekeni mnachotaka. Chumba changu msikiguse. Nitaoshewa humu."

Kwa asiyejua mambo ya kwetu: mtu akifariki nyumbani huoshwa chumbani. Huwekwa kitanda cha kamba, na chini ya kitanda huchimbwa mfereji unaoitwa ufuo, ili maji yaliyomwosha maiti yaingie ardhini palepale, asiyakanyage mtu. Akishatolewa, ufuo unafukiwa na mambo yamekwisha. Baba alioshewa chumba hichohicho, na bibi yetu kabla yake. Siku hizi wengi wameliacha jambo hilo, lakini mama hakuwa mmoja wa wengi. Alitaka udongo wake ubaki, basi, na hakuomba kitu kingine.

Jibu la mdogo wangu wa Dar lilikuwa picha. Ilikuwa ya sebule moja ya huko mjini, kuta nyeupe, kiti kimoja, ua moja, na sakafu ya kahawia inayong'aa. Akaandika kwamba hizo si mbao ingawa zinafanana na mbao; ni plastiki ngumu inayokatwa vipande virefu na kupachikwa kimoja kwa kingine, na watu wote wenye akili wamehamia huko. Mama hana simu ya picha, kwa hiyo nilimwonyesha kwenye yangu. Alitazama kwa jicho lake lenye nafuu, akaniuliza hao watu wamehama lini.

Yule wa mbao alijibu kabla sijamaliza kucheka. "Plastiki ni ndoo," alisema kwa sauti aliyoirekodi, na nyuma yake msumeno ulikuwa unalia. "Baba alikuwa mtu. Hatuwezi kumvisha baba ndoo." Wiki iliyofuata alishusha mbele ya nyumba vipande vya mninga na mkongo, akavipanga barazani pangu juu ya kitambaa cha sare ya shule niliyokuwa nashona. Yule wa Dar, ili asipitwe, akatuma kwa basi boksi la mbao zake za plastiki. Basi baraza langu likawa mahakama.

Majirani walikuja kutoa ushauri, na kwetu ushauri hautolewi mtu akiwa amesimama, kwa hiyo nilipika chai. Kila mmoja alikuwa na jaribio lake. Mmoja aliangusha mchi wa kinu. Mwingine alileta mbuzi yake ya kukunia nazi, akakaa juu ya mninga akakuna, kisha akakaa juu ya plastiki akakuna, akasema kwamba kote nazi imetoka vizuri. Mimi nilitoa kaa la moto kwenye chetezo nikaliweka juu ya vyote viwili, maana nyumba isiyofukizwa udi si nyumba, na makaa huanguka. Mninga uliungua doa jeusi. Plastiki iliungua doa jeusi ikaongeza na harufu. Wa mbao akasema doa la mninga linapigwa msasa linaondoka. Wa Dar, kwa simu, akasema mtu mstaarabu hutumia udi wa umeme.

Kisha tukaloweka kipande cha mninga kwenye beseni, kwa sababu mvua za kwetu zikiamua kuingia ndani hazibishi hodi. Asubuhi mninga ulikuwa umepinda kama kijiko. Mdogo wangu alisema mbao ile ilikuwa haijakauka, na haijakauka kwa sababu ya haraka zetu. Ili haki itendeke, kipande cha plastiki nacho tukakianika kwenye jua la mchana, maana mlango wetu wa mbele unaelekea jua. Kikavimba katikati kikanyanyuka. Wa Dar alieleza kwamba kampuni haikukitengeneza kianikwe, kwani si dagaa. Jirani yangu wa mkono wa kulia, mwanamke mwenye methali kwa kila jambo, alisema, "Usiache mbachao kwa msala upitao," akatikisa kichwa kwa huzuni, kisha akaniuliza kama mabaki ya plastiki anaweza kupewa aezekee banda lake la kuku.

Muda wote huo mama alikuwa akikaa mlangoni kwake akisikiliza. Walipomtaka aamue, kwa sababu kila mmoja alikuwa na hakika atampendelea yeye, alisema zote ni nzuri. Walipombana achague moja, alisema, "Wanangu, mimi nimechagua tangu siku ya kwanza."

Wakacheka, wakaendelea.

Kilichoamua mwishowe si hoja, ni kalenda. Fundi ambaye mdogo wangu alikuja naye kutoka Dar alisema mbao za mti lazima kwanza zilale ndani ya nyumba zizoee hewa yake, maana mbao nazo zina ugeni, na wakwe walikuwa karibu kufika. Plastiki haina ugeni. Unaipachika leo, kesho unaikanyaga. Hivyo plastiki ikashinda, na ndugu yangu wa mbao akapozwa kwa kupewa vizingiti vya milango avitengeneze kwa mkongo. Alivichonga kwa hasira, vikawa virefu kupita kiasi, na mpaka leo sisi wenyeji tunajikwaa.

Fundi alisema jambo jingine ambalo wadogo zangu walilipita haraka. Alisema iwe mninga, iwe plastiki, chini lazima pamwagwe saruji, isawazishwe kwanza. Mimi nilikuwa natia uzi kwenye sindano, nikaacha. Ugomvi wote ule wa baraza, na beseni, na kaa la moto, kwa mama ulikuwa ugomvi wa kitu kimoja, saruji juu ya udongo wake. Nikamwambia fundi mbele ya ndugu zangu wote wawili kwamba saruji inaishia kwenye kizingiti cha chumba cha mama. Fundi alisema, "Sawa, mama." Ndugu zangu walisema, "Sawa, dada." Nikaridhika, kwa kuwa mimi nikisema jambo kwa sauti huwa nadhani limekwisha.

Kazi ilipoanza nilimpeleka mama Lindi. Alikuwa na mtoto wa jicho, na hospitali ilikuwa imempangia kumtoa siku zilezile, jambo ambalo niliona ni bahati, asile vumbi la saruji. Tulifikia kwa binamu yetu. Mdogo wangu wa Dar alinipigia tukiwa huko, akauliza habari za jicho, akasema mama akirudi atakuta zawadi. Nilidhani godoro.

Tuliporudi mama alikuwa na bandeji jicho moja, na lile jingine ndilo lile la siku zote ambalo hutambua watu kwa sauti zao. Nyumba ilinuka upya kama kiatu cha dukani. Mdogo wangu alitupokea mlangoni, akatoa shikamoo, akaitikiwa, akamshika mama mkono kumwongoza. Lazima niseme kweli: sebule ilikuwa imependeza. Ukumbi ulipendeza pia. Mama alivua kandambili, akapita taratibu mkono wake ukigusa ukuta, akasema pazuri, Mungu awabariki. Alivuka kizingiti cha chumba chake kwa mguu mmoja, akasimama hapo.

Nadhani ndugu yangu alitegemea ile bandeji. Lakini chumba kile mama alikuwa hakijui kwa macho tangu zamani. Alikuwa anakijua kwa nyayo. Alikanyaga mara moja, akanyanyua mguu, akakanyaga tena. Chini hapakuwa na ule ubaridi. Palikuwa pakavu, palaini, na ukigonga kwa kisigino panajibu.

"Hapa si kwangu," alisema.

Ndugu yangu akaanza kueleza: wadudu, vumbi, afya ya jicho, baridi inayoingia mifupani. Mimi nilimwambia maneno ambayo sikujua kama ninayo. Akanijibu kwamba siku hizi watu huoshewa msikitini, kuna mahali maalumu pana vigae na bomba la maji na mtaro, kila kitu safi. "Mama, dunia imebadilika," alisema.

"Imebadilika, baba," mama alimjibu kwa upole ule anaoutumia kwa mtoto mwenye homa. "Mimi ndiye sijabadilika." Kisha akaomba kitanda chake kipelekwe jikoni.

Jiko letu liko uani, kibanda cha makuti, na chini ni udongo. Tukamweka kati ya mafiga na gunia la mkaa. Hakununa, hakulia, hakumsema mtu, na hilo ndilo lililotumaliza. Alilala usingizi mzuri. Majirani waliokuja kumpa pole ya jicho walikaribishwa kwenye sebule inayong'aa, wakaketi, wakauliza mgonjwa yuko wapi, wakapitishwa ukumbini, wakatolewa nje, wakamkuta mama yetu amelala na kuku. Kufikia alasiri Kivinje nzima ilikuwa inajua kwamba bibi kizee ametolewa ndani ili apishe plastiki. Mdogo wangu alikwenda kuswali akarudi upesi kuliko kawaida.

Nilimsihi mama arudi ndani, nikasema nitampisha chumba changu. Chumba changu nacho kilikuwa na plastiki. Akanipapasa mkono tu.

Wakwe wakafika. Asubuhi ya siku hiyo ndugu yangu alikuwa amepiga magoti sebuleni na kitambaa, anang'arisha ubao mmoja baada ya mwingine, mtu mwenye watu wa kumfanyia usafi ofisini. Kabla hajamaliza waliingia shangazi zetu na majamvi waliyoazima msikitini. Posa kwetu wanaume hukaa chini sebuleni na wanawake ukumbini, na hakuna mgeni anayekalishwa chini patupu. Shangazi zangu wamefanya kazi hiyo tangu kabla sisi hatujazaliwa. Walitandika majamvi kutoka ukuta mmoja hadi wa pili, wakaongeza mikeka kwenye pembe, na juu ya mikeka wakatandika zulia la maua.

"Shangazi," ndugu yangu alisema, "tuache kidogo wazi pale katikati."

Shangazi mkubwa alimtazama. "Wageni wakae sakafuni kama waliofukuzwa? Una nini wewe?"

Hakuna ubao hata mmoja ulioonekana siku ile. Mninga ungekuwa chini ya jamvi, mkongo ungekuwa chini ya jamvi, mashimo ya chokaa ya baba yangekuwa chini ya jamvi. Nilikwenda uani nikashika nguzo ya jiko nikacheka mpaka mama akaniuliza nani amekufa.

Wageni wa kike walipomaliza kusalimiana walimwulizia mama wa nyumba. Kumbe walikuwa wamekuja na bibi yao, mwanamke mrefu anayekaa na mwanawe kwenye ghorofa huko Dar, na bibi yule hakutaka kuletewa mtu. Alitaka kwenda mwenyewe. Nilimpeleka jikoni. Aliinama akaingia, akaketi ukingoni mwa kitanda, wakashikana mikono. Akauliza kwa nini yuko huku. Mama hapendi kuaibisha watoto wake, lakini uongo hapendi zaidi. Akamweleza kwa ufupi.

Bibi yule alivua kiatu, akaweka unyayo wake chini.

"Bahati yako una udongo," alisema. "Mimi kwangu hakuna pa kuchimba hata pa mche wa bamia."

Wanawake wengine wakaanza kuja mmoja mmoja kuona bibi amepotelea wapi, na waliokuja hawakurudi ndani. Jiko likajaa, uani kukajaa. Pilau ya wanawake ikabidi iletwe huko, na aliyebeba sinia la kwanza alikuwa mdogo wangu wa Dar, katika kanzu yake nyeupe. Alisimama mlangoni mwa jiko wakati bibi yule anasema hayo ya bamia. Aliweka sinia chini, akaondoka. Posa ilikubaliwa, sifa kwa Mungu, na wanaume walikula peke yao juu ya sakafu ambayo hawakuiona.

Siku iliyofuata wageni wakiwa wamekwenda nilisikia chuma kinagonga ndani ya nyumba. Nilimkuta ndugu yangu chumbani kwa mama, amevaa kikoi, mbao za plastiki zimeegemezwa ukutani, naye anapasua saruji kwa mtaimbo. Hakuwa anaijua kazi ile. Viganja vyake vilikuwa vimeshachubuka, na kila pigo la tatu lilikwenda kombo. Yule wa mbao alikuwa amesimama dirishani kwa nje anatoa maoni. Alisema ingekuwa mninga na gundi yake, tungevunja ukuta kwanza. Hilo ndilo jambo jema pekee alilowahi kulisema kuhusu plastiki: kwamba inang'oka.

Nilikuja na maneno yangu tayari. Nilikuwa nimeyapanga vizuri. Ndugu yangu alisema bila kunitazama, "Dada, kila nikija likizo nilikuwa nauona huu udongo, naona unamngoja. Nikilala nauwaza. Nilidhani nikiuziba, atakawia."

Nilimhurumia, na bado nilikuwa nimemkasirikia, vyote viwili pamoja. Nikachukua karai nikaanza kutoa vifusi. Wa mbao naye akazunguka akaingia ndani, na tukafanya kazi sisi watatu bila kubishana, jambo ambalo halijatokea tena.

Tulipofika kwenye udongo, chini ya mahali pa kitanda na mbele yake hadi mlangoni, nilikwenda kumwita mama. Alikuja kwa miguu mitupu. Akaukanyaga, akasema umekuwa mkavu, utahitaji maji. Tukamrudishia kitanda chake, akaketi. Alimwita mdogo wangu, akamshika vile viganja vilivyochubuka, akasema, "Ahsante, baba. Mungu akupe na wewe watoto wa kukuchimbia." Ndugu yangu aliitikia amina, akatoka uani akakaa kwenye kinu, akakaa muda mrefu.

Tulipobaki wawili nilimwuliza mama, maana nilikuwa sijamwuliza hata mara moja: kwa nini lakini? Nilimwambia maji ni maji, na mtu akishakwenda hajui yameingia wapi.

"Nilikwenda kumwosha shoga yangu," alisema, "kwenye nyumba ya vigae. Maji yalipita chini ya mlango mpaka ukumbini. Tulipokwisha kumwosha, sisi tukatoka. Bintiye akabaki na ndoo na dekio. Anamfuta mamake, anakamua, analia, anarudia tena, na watu wanapita." Akavuta kanga yake magotini. "Wangu wa kuniosha ni wewe. Sikutaka tukishamaliza, ubaki humu unanideki."

Nilikwenda kuchota maji, nikapiga magoti nikaanza kuusiriba udongo wake, naye kutoka kitandani akanionyesha mahali nilipopitisha mkono vibaya.